Habari za Lwaboshi na Gitaa la Besi Lililokataa Dole Gumba

Njoni, enyi mliopanga foleni na enyi mliochoka kupanga. Sogezeni ndoo zenu, kalieni madumu yenu, na anayenyonyesha mtoto anyonyeshe taratibu, kwa maana hapa yatatajwa mambo makuu yaliyotendeka Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, katika mwaka wa elfu mbili na moja, zama zile majeshi ya mataifa mengi yalipokuwa yakikanyagana ndani ya Kongo na majenerali wakigawana milima juu ya ramani. Majenerali wana waandishi wao. Habari hizi ni za mtu mmoja, gitaa moja na kidole kimoja. Nawe, ewe dole gumba, mfupi kati ya ndugu zako, uliyezoea kupakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi za mgao, simama leo utajwe kwa heshima!

Aliyetenda tendo hilo aliitwa Lwaboshi, mwana wa Uvira, mume wa Orpa, mshona suruali katika kibanda cha turubai kando ya soko la kambi, na mpiga besi wa Kwaya Asubuhi Mpya. Jemadari wa nyuzi nne, mtikisa mabati. Siku sita za juma mtu huyo mrefu na mpole aliitwa kwa namba kwenye foleni ya mahindi, na kwenye foleni ya maji aliitwa "wewe wa nyuma". Lakini Jumapili, mkanda wa gitaa ulipopita begani mwake, watu mia nne walisubiri kidole chake ndipo wathubutu kufungua kinywa. Hapo alikuwa mtu kamili, tangu saa tatu hadi saa saba.

Gitaa lenyewe lilikuwa limevuka bahari ndani ya kontena, likiwa limefunikwa na makoti ya baridi kali ambayo hakuna mtu wa Dzaleka aliyejua la kuyafanyia. Lilikuwa zito kama mlango, rangi yake kama maini, na tumboni pake palikuwa na kofia ya bati iliyofunika nyuzi, yenye karatasi ya wafadhili iliyobandikwa: TUNAWAPENDA. Nyuzi zake zilisimama juu sana mbali na shingo, hata panya angepita chini yake bila kukunja masikio, na kwa miaka minne zilikuwa zimekunywa vumbi na jasho.

Basi, Lwaboshi alikuwa amesikia katika kaseti moja iliyokwaruza namna ya kupiga ambayo mpigaji hachokonoi uzi kwa ncha ya kidole, bali huugonga kwa dole gumba kama ngoma, kisha huuvuta mwingine kwa kidole cha shahada na kuuachia ujipige. Sauti ile ilimwingia. Akaifanyia mazoezi ukingoni mwa meza ya cherehani mpaka wateja wakadhani ana homa. Hata ilipowadia Jumapili ya kwanza ya Julai, katikati ya pambio, huku Pasta Ndayisaba akiwa ndiyo kwanza amemaliza kuhubiri kwamba mwenye haki haogopi, Lwaboshi aliinua dole gumba lake na kuligonga.

Ta! Ta-ta-ta!

Kavu, bila noti. Mama Fidès, bibi wa Kirundi aliyeketi benchi la pili, alishuka chini ya benchi na kukifunika kichwa chake kwa mikono miwili. Benchi zima likamfuata, kisha benchi la nyuma yake, maana katika kanisa lile hakuna aliyehitaji kufundishwa namna ya kulala chini. Mashemasi, nguzo za nyumba ya Bwana, walitoka kwa dirisha, na aliyekuwa mzito kuliko wote alitangulia. Pasta Ndayisaba alipatikana nyuma ya mimbari. Katika uwanja wa vita alibaki amesimama Lwaboshi peke yake, kidole kikiwa bado juu ya uzi, na hakuna mshindi aliyewahi kuonea haya ushindi wake kama yeye.

Jioni ile ile, jua likiwa halijazama, alikwenda nyumbani kwa Mama Fidès kuomba msamaha. Alimkuta mlangoni akichambua maharagwe.

"Mama, nisamehe," akasema Lwaboshi. "Sitagonga tena."

"Kaa, mwanangu." Bibi alimsogezea kigoda, akasema kwa Kiswahili cha kwao, ambacho ‘ndiyo’ yake ni ‘njo’. "Mi sikuogopa kidole yako. Niliogopa ile sauti kavu, yenye haina wimbo ndani. Risasi njo inaliaka vile: ta, halafu hakuna kitu."

"Basi njo naacha."

"Ukiacha, itabakia vile mu masikio yangu. Kila nikiingia kanisa nitaisikia. We ulitaka iseme nini?"

Lwaboshi aliona haya, kisha akaimba kwa mdomo, polepole, akijipiga gotini: dum-pa, du-dum-pa. Mama Fidès akaacha maharagwe, akainamisha kichwa.

"Hiyo haiko ile ulipiga."

"Apana, Mama. Haiko ile."

"Sasa enda utafute hiyo," akasema bibi, na kurudi kwenye maharagwe yake.

Ndivyo mashujaa wengine wanavyotumwa na wafalme. Huyu alitumwa na mwanamke mwenye ungo mapajani.

Jumatatu likaketi baraza la kanisa, wazee saba juu ya viti vinne. Pasta Ndayisaba akasimama, akarekebisha tai yake, na kunena: "Ndugu wapendwa, tumekimbia bunduki kule kwetu, tumevuka ziwa, tumevuka nchi mbili, ili tuje kupigwa risasi na kwaya? Lakini kanisa lina huruma. Ndugu Lwaboshi apige kama zamani, kwa vidole vya adabu, mambo yaishe."

Huo ulikuwa mlango mpana, na mtu yeyote mwenye akili za kawaida angeupita. Lwaboshi hakuupita. "Pasta," akasema, akiitazama kofia yake mikononi, "nikinyamaza, ile sauti mbaya njo itakuwa ya mwisho bantu balisikia. Nipe siku nitengeneze."

Hapo akainuka Faustin, rais wa kwaya, mwalimu wa zamani kutoka Fizi, mtu ambaye hakuwahi kukutana na ukimya asiushambulie. Alizungumza kwa nusu saa. Alimtaja Daudi na kinubi, akataja kuta za Yeriko zilizoangushwa na wanamuziki peke yao, akauliza kama Yoshua naye angeitwa mbele ya kamati. Baraza likachoka, na kwa kuchoka likakubali: wiki tatu. Jumapili ya tatu Lwaboshi angegonga mbele ya kusanyiko lote. Na kama mtu mmoja tu angelala chini, gitaa lingefungiwa sandukuni mwa Pasta, na Lwaboshi angehamishiwa idara ya kupanga viti.

Sasa, kutoka Dzaleka kwenda Lilongwe kulihitaji karatasi. Karani wa Kimalawi alimtazama mtu yule mrefu aliyebeba kitu kirefu ndani ya blanketi, na kwa kuwa Kichewa cha Lwaboshi kilikuwa na maneno thelathini tu, mazungumzo yao yalikwenda mbio.

"Nani mgonjwa?"

"Gitaa."

"Anaumwa wapi?"

"Shingo."

Karani akaandika: mgonjwa mmoja, shingo, pamoja na msindikizaji. Akagonga mhuri. "Zikomo," akashukuru Lwaboshi, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kambi mgonjwa na msindikizaji walipita kwenye kizuizi cha barabarani bila kuulizwa swali la pili.

Huko Mchesi, mtaa wa Lilongwe, katikati ya wauza mitumba na mafundi wa baiskeli, aliishi Olivier, mtu wa Bukavu, fundi wa redio kwa siku za kazi na mpiga besi wa bendi moja ya mtaa wa Biwi kwa siku za furaha. Lwaboshi alilifunua gitaa lake juu ya meza iliyojaa matumbo ya redio. Olivier akalitazama kwa jicho moja kuanzia kichwa hadi mkia, kama mtu anayekagua ubao kama umenyooka, akagusa uzi mmoja, akatega sikio, akaguna.

"Ndugu yangu, hii haiko gitaa. Hii ni kamba ya kuanikia nguo."

"Inaponaka?"

"Sikia. Dole haifanyake kazi peke yake. Dole inasukuma uzi, uzi inagonga hizi chuma za shingo, halafu inaruka. Kule kuruka njo kunaimba. Sasa yako uzi iko mbali kama Kinshasa: ukiigonga, inafika kwa chuma ikiwa imechoka, haina tena nguvu ya kuruka. Njo unasikia mbao tu. Lete hapa."

Akaukunja mkono wa Lwaboshi ukawa ngumi, dole gumba likiwa limenyooka nje, akamwonyesha mwisho wa shingo, pale vyuma vinapokoma. "Gonga hapa."

Lwaboshi akagonga.

"Apana! Unafinyilia! Unabakia pale kama unatia kidole kwa karatasi ya mgao. Gonga, toka! Kama umegusa sufuria ya moto."

Lwaboshi akagonga tena, na tena, mpaka muuza mitumba wa jirani akaja kuchungulia. Kisha Olivier akapitisha kidole chake katikati ya nyuzi. "Hapa Mungu alikuhurumia. Nafasi iko pana, kidole inaingia chini ya uzi moja bila kugusa jirani yake. Kuna magitaa nyuzi zimebanana kama nyumba za huku Mchesi, hata kidole haipate njia. Lakini hii kofia ya bati? Mkono itavutia uzi wapi?"

"Hiyo ni ya wafadhili," akasema Lwaboshi kwa sauti ya chini. "Inasema banatupenda."

"Na beye banapigaka besi?"

Lwaboshi akafikiri kwa uaminifu. "Sijue."

"Toa. Na hizi nyuzi zimekufa. Mi sina zingine, na Lilongwe yote hautazipata. Lakini ziko za kusokotwa, zina mikunjo. Uchafu njo umejaa mule, umezifunga mdomo. Chemsha."

"Nichemshe?"

"Kama maharagwe. Dakika kumi na tano, upanguse, zikauke kabisa. Zitaamka, lakini si kwa mwaka. Ni kwa juma moja, mbili. Basi chemsha siku ya mwisho."

Kisha akashusha gitaa lake mwenyewe kutoka ukutani, jembamba, lililochakaa, lenye nyuzi zilizolala karibu na shingo kama mtoto mgongoni, akalichomeka kwenye redio moja iliyokuwa ikisubiri mwenyewe. Dum-pa. Du-dum-pa. Kibanda kikatetemeka, parafujo zikacheza mezani. Kila pigo lilikuwa na mfupa na nyama: kishindo mwanzoni, na ndani ya kishindo wimbo. Machozi yalimlenga Lwaboshi, kwa maana alikuwa amekisikia nje ya kichwa chake kitu alichodhani kinaishi ndani yake tu.

Siku mbili alikaa pale. Akamkunjia Olivier pindo za suruali zake zote za jukwaani, na Olivier akamkabidhi silaha: kifunguo cha chuma kilichopinda pembeni, cha kukazia chuma kilichofichwa ndani ya shingo ya gitaa. "Robo tu," akamwonya. "Ukizungusha kwa hasira, utarudi na kuni."

Ikaja Jumamosi ya kuamkia vita. Adhuhuri, Orpa, malkia wa sufuria, alimkuta mumewe akizikunja nyuzi nne na kuzitumbukiza katika maji yaliyokuwa ya nsima, ugali wa Malawi.

"Papa Gabriella," akasema, "niambie tu kama nilie ama nicheke."

"Dakika kumi na tano, Mama Gabriella."

"Sufuria yangu imepika mahindi ya njano, imepika sombe, majani yetu ya mihogo, imepika maji matupu ili batoto baone moshi. Sikujua kama iko siku itapika muziki." Lakini akachochea moto, kwa sababu alimjua mtu wake, na kwa sababu tangu wiki mbili alikuwa akimwona akitembea kama mtu mwenye mahali pa kwenda.

Jirani akapita, akachungulia. "Munapika nini?"

"Nyuzi za chuma," akajibu Orpa, ambaye hakupenda kusema uongo.

Saa nane, upande wa pili wa soko, habari zilikuwa kwamba mgao umepunguzwa tena na nyumba ya fundi nguo imeanza kula waya. Saa tisa akatokea mjuzi aliyethibitisha kwamba waya, ukichemshwa vizuri na chumvi, huongeza damu. Kabla ya saa kumi mkuu wa mtaa wao alifika na daftari, akajipangusa jasho, akauliza kwa unyenyekevu zinatolewa wapi na ni ngapi kwa kila kaya. Nyuma yake watu kumi na mmoja walikuwa wamekwisha panga foleni, na wa mwisho hakujua ni foleni ya nini, ila alikuwa na sahani.

Lwaboshi hakuwaona. Alikuwa amezipangusa nyuzi kwa kitambaa cha pamba, moja baada ya moja, na maji ya sufuria yalikuwa meusi kama kahawa. Akafungua parafujo za kofia ya bati kwa bisibisi ya cherehani. Faustin, aliyekuja kushuhudia, aliipokea kofia hiyo kwa mikono miwili na kwenda kuitundika ukutani mwa kanisa, chini ya kalenda, ili wafadhili wakija wakute bado wanawapenda. Kisha Lwaboshi akazirudisha nyuzi mahali pake, akaingiza kifunguo shingoni. Robo. Mti ukalia kidogo, na uti wake uliokuwa umeinama miaka minne ukanyooka. Akazishusha nyuzi mpaka zikaanza kukoroma juu ya vyuma, akazipandisha kiasi cha unywele, akapima kwa kipimo alichokiamini kuliko vyote duniani, yaani unene wa kifungo cha shati. Kifungo kikapita chini ya kila uzi, kikigusa huku na huku. Akagonga mara moja, bila umeme, sikio likiwa juu ya mbao. Akafunga macho.

Jumapili ikafika, na kanisa likajaa kama halijawahi kujaa siku ya ubatizo. Wengi walikuja kumwombea. Wengine walikuja kuona mashemasi wakiruka dirisha. Madirisha yenyewe yalikuwa yamefunguliwa yote kwa tahadhari, na shemasi mzito alikuwa ameketi karibu na lile kubwa. Akina mama watatu walikuwa wamekaa chini tangu mwanzo, ili wasijichoshe kushuka. Pasta Ndayisaba akatangaza kwa ufupi usio wa kawaida yake kwamba atasikiliza akiwa karibu na mimbari. Faustin alitaka kutoa hotuba, akanyimwa.

Lwaboshi akasimama mbele. Jasho lilimshuka hadi kwenye kola. Akamtafuta Mama Fidès na kumwona benchi lile lile la pili, mikono yake imeshika ukingo wa benchi.

"Bandugu," akasema, "nitagonga. Itasema dum. Nitagonga moja tu, halafu nitangoja."

Akainua dole gumba. Jenereta ilikuwa ikinguruma nje, mtoto akakohoa. Akagonga na kutoka, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

Dum!

Sauti ile ilianza kwa kishindo, na kabla moyo haujaruka ikageuka wimbo, nene, ng'avu, ikapita chini ya mabenchi na kupanda miguuni mwa watu, ikakaa, ikakaa, ikafifia yenyewe kama kengele iliyoshiba. Shemasi mzito alikuwa tayari ameshika fremu ya dirisha. Akaiachia, akajifanya anapangusa vumbi. Mama Fidès alikuwa amefumba macho. Hakushuka.

Lwaboshi akamngoja. Aliona vidole vya bibi vikilegea kwenye benchi, kimoja kimoja. Ndipo akagonga tena, na safari hii akauvuta na uzi mwembamba, ukajipiga juu ya chuma na kucheka: dum-pa. Du-dum-pa. Dum-pa. Du-dum-pa.

"Nani anatwanga sombe?" akauliza Mama Fidès, macho yakiwa bado yamefumbwa.

Mtu mmoja akacheka, kisha kumi. Lakini bibi hakuwa akitania. Alisimama, mzee yule, akaikutanisha mikono yake kama anayeshika mchi, akaanza kutwanga hewa: dole liliposhuka alishuka, uzi ulipovutwa alipanda. Kutoka sakafuni mama mmoja wa Fizi aliinuka, akashika mchi wake usioonekana, akasimama mbele yake kama wasimamavyo wanawake wawili kwenye kinu kimoja, huyu akishusha na yule akiinua, bila kugongana. Benchi la pili likasimama. La tatu likasimama. Majani ya mihogo ya Uvira, ya Fizi, ya Rumonge, ya mashamba ambayo hakuna aliyejua sasa analima nani, yote yalitwangwa asubuhi ile ndani ya kanisa la mabati pale Dzaleka, wilayani Dowa, na kwaya ikaingia juu yake kwa sauti nne, na mashemasi wakacheza mbali na madirisha, na Pasta Ndayisaba akaonekana katikati ya kusanyiko bila tai, akitwanga vibaya kuliko wote.

Baada ya ibada Pasta alieleza kwamba tangu mwanzo alikuwa na amani moyoni kuhusu jambo hilo. Baraza likaandika katika kitabu cha kumbukumbu kwamba kanisa, kwa hekima yake, limetengeneza gitaa. Faustin akapata hotuba yake hatimaye, uwanjani, mbele ya watu waliokuwa wakitafuta ndoo zao; akatamka kwamba wapo waliovuka bahari na wapo waliopanda milima ya theluji, lakini ni nani mwingine aliyeshusha nyuzi kwa unene wa kifungo na kuinua watu mia nne?

Lwaboshi alikuwa amekaa nyuma ya kanisa, kivulini, dole gumba lake limevimba na kuwa jeusi pembeni. Mama Fidès akamfuata, akamshika mkono, akalitazama lile dole kama mtu anayechagua viazi.

"Hii ipumzike mpaka Jumatano," akasema. "Ile ya leo ilikuwa ya sombe. Sasa utafute ya mahindi. Mahindi iko nguvu zaidi."

"Ndiyo, Mama."

Siku hiyo redio zilitaja miji iliyotekwa na miji iliyoachwa, zikataja vyeo vya majenerali na idadi ya magari yao. Hazikutaja Dzaleka. Basi na iandikwe hapa, kwa wino usiofutika, pamoja na mwaka wake na mwezi wake: kwamba Lwaboshi mwana wa Uvira aligonga uzi mara moja, akangoja, na Mama Fidès akabaki amekaa mpaka mwenyewe alipotaka kusimama.